Shajara ya mradi: mmumunyo wa kuhifadhia mapafu kabla ya kupandikizwa

9 Februari 2024: Tunapoanzia

Shajara hii ni ya watu watatu wa maabara moja ya fiziolojia mjini Morogoro, ingawa mwandishi ni mimi. Kazi tuliyojipa ni kutengeneza wenyewe mmumunyo wa kuhifadhia mapafu, kuujaribu kwenye mapafu ya wanyama yanayotoka machinjioni, halafu kuona kama unaweza kuboreshwa kwa kiambato kinachopatikana katika duka la dawa. Hakuna mnyama atakayechinjwa kwa ajili yetu, wala hakuna tutakachokitengeneza kitakachofaa kutumiwa kwa mgonjwa. Tunaandika ili mwenye maabara ndogo kama yetu aifuate kazi hii bila kurudia hasara zetu.

Tatizo lenyewe lieleweke kwanza. Pafu likitolewa mwilini likabaki na joto lake, seli zake huendelea kula na kutoa taka ilhali hakuna damu ya kuleta chakula wala ya kuondoa taka hizo. Likipozwa, mahitaji yake hushuka sana, lakini baridi hiyohiyo hulemaza pampu zilizo kwenye utando wa seli, zile zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Sodiamu ikiingia, maji huifuata, na seli huvimba. Jibu la zamani lilikuwa kutumia mmumunyo unaofanana na hali ya ndani ya seli. Euro-Collins, uliotumika sana kwa figo, una takriban milimoli 115 za potasiamu katika kila lita. Figo ziliuvumilia. Mapafu hayapatani na potasiamu nyingi kiasi hicho, kwa sababu ateri zake hubana na mmumunyo haufiki pembezoni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la watafiti wa Toronto, Kanada, lilionyesha kwamba mapafu ya mbwa yaliyooshwa kwa mmumunyo wenye potasiamu kidogo na dekstrani (sukari ya minyororo mirefu inayosaidia kuzuia maji yasivuje nje ya mishipa) yaliweza kukaa saa 12 na bado yakafanya kazi baada ya kupandikizwa. Mmumunyo wa ukoo huo unauzwa hadi leo kwa jina la Perfadex, na muundo wake si siri.

Kwa lita moja tutatumia dekstrani 40 gramu 50, sodiamu kloridi gramu 8, potasiamu kloridi gramu 0.4, magnesi salfeti isiyo na maji miligramu 98, disodiamu fosfeti miligramu 46, potasiamu fosfeti miligramu 63 na glukosi gramu 1. Trometamoli huongezwa mwishoni ili kusawazisha asidi. Dekstrani ndiyo inayokula fedha: chupa mbili za gramu 500 zimetugharimu shilingi 2,160,000 pamoja na usafirishaji, nazo zinatoa lita 20 tu.

27 Februari 2024: Madonge, kisha rangi ya chai

Lita mbili za kwanza zimemwagwa. Makosa yalikuwa mawili, na yote ni ya jikoni kuliko ya maabara. Nilimimina dekstrani yote kwa mkupuo katika maji ya uvuguvugu, ikafanya madonge yenye unga mkavu katikati, kama uji wa mtu mwenye haraka. Anayepika uji hukoroga unga katika maji baridi kwanza, na dekstrani nayo inataka hivyo: nyunyiza kidogo kidogo juu ya maji yanayozungushwa, subiri kila fungu lipotee, ndipo uongeze jingine. Kwa lita moja kazi hii inachukua takriban dakika 40.

Kosa la pili lilikuwa kuutia mmumunyo mzima katika otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu. Ulitoka na rangi ya chai hafifu, kwa kuwa glukosi haivumilii joto hilo, hasa ikiwa pamoja na trometamoli. Sasa tunatia katika otoklevu dekstrani na chumvi peke yake, na baada ya kupoa tunaongeza glukosi na trometamoli zilizopitishwa kwenye chujio la mikroni 0.22. Usijaribu kupitisha mmumunyo wote wenye dekstrani kwenye chujio dogo la bomba la sindano. Liliziba kabla ya mililita 60.

Hasara: gramu 100 za dekstrani, sawa na shilingi 216,000.

16 Machi 2024: Mbuzi hawakufaa

Tulichagua mbuzi kwa sababu mwenzetu mmoja hagusi nguruwe, na tulitaka wote watatu tushike kazi sawa. Machinjioni tulipokea jozi nne. Jozi mbili za kwanza zilikuwa tayari na mikato mirefu, kwa kuwa mkaguzi wa nyama hupasua mapafu kutafuta minyoo na uvimbe, na hakuna aliyemwambia asipasue. Jozi mbili zilizofuata zilikuwa nzima, lakini zilikuwa zimejaa damu ndani ya njia za hewa. Sababu ilikuwa wazi mara tulipoifikiria: kisu cha halali hukata koo la hewa pamoja na mishipa mikubwa ya shingo, na mnyama huvuta damu yake katika pumzi za mwisho. Pafu la namna hiyo lina uzito wa uongo tangu mwanzo, na kipimo chetu kikuu ni uzito, kwa kuwa pafu lililoharibika hujaa maji na kuwa zito.

Hivyo tumehamia kwa nguruwe, ambao machinjioni tunakoenda hupigwa ganzi na kuchomwa kifuani bila koo la hewa kukatwa. Mwenzetu amechukua upande wa kemia na vipimo, nasi wawili tunakwenda machinjioni. Mkaguzi amekubali kuyapapasa mapafu yetu kwa mkono tu bila kuyapasua, kwa sharti kwamba tuyachukue kama kitu kilichokataliwa kuwa chakula, na tuyateketeze baada ya kazi. Sharti hilo tumeliweka kwa maandishi.

Jambo moja zaidi la kuangaliwa ni beseni la maji ya moto la kulainishia manyoya. Nguruwe akizamishwa kabla ya kifua kufunguliwa, maji machafu huingia hadi kwenye viribahewa, vile vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa njia za hewa. Mzee anayesimamia zamu alituambia, "Mwalimu, ukitaka pafu safi njoo kwa nguruwe wa kwanza, kabla watu hawajawa na haraka." Tumefuata ushauri wake, na tunafika saa kumi na moja alfajiri.

20 Aprili 2024: Urefu wa stendi, mapovu na bronkasi iliyosahaulika

Kiingilio hiki ni kirefu kwa sababu hapa ndipo tulipoharibu zaidi.

Kuosha pafu maana yake ni kuingiza mmumunyo baridi kupitia ateri ya mapafu hadi damu yote itoke upande wa vena na pafu liwe jeupe. Kiasi kinachotajwa kwa kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili. Kwa nguruwe wa kilo 45 ni zaidi ya lita mbili. Sisi tulitundika chupa juu ya stendi ya dripu ya hospitali, kwenye kulabu ya juu kabisa, kwa mazoea tu. Urefu ulikuwa zaidi ya mita moja kutoka kwenye pafu. Nguzo ya maji ya mita moja ni shinikizo la takriban milimita 73 za zebaki, na mishipa ya mapafu, ambayo kwa kawaida hufanya kazi chini ya 25, haikuumbwa kwa mzigo huo. Mapafu yalitoka meupe na ya kupendeza, tukapeana mikono. Baada ya saa mbili povu la waridi lilikuwa likitoka kwenye koo la hewa. Sasa chupa inakaa sentimita 30 juu ya pafu, na tumefunga kamba yenye fundo kwenye stendi ili asiwepo wa kukisia.

Jozi iliyofuata ilibaki na mabaka mekundu yaliyokataa kuoshwa. Tulilaumu mmumunyo, tukasema dekstrani ni nzito mno. Tulipopasua tuliona mambo mawili. Kwanza, mpira ulikuwa haujajazwa maji hadi mwisho kabla ya kuunganishwa, na hewa iliyosukumwa ilikuwa imeziba kapilari. Pili, mabonge madogo ya damu yalikuwa yamekaa katika matawi ya ateri, kwa kuwa hatuwezi kumdunga heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mnyama atakayeliwa. Dawa ya la kwanza ni uvumilivu na mpira unaoonyesha ndani. Dawa ya la pili ni kuosha kwa kurudi nyuma: baada ya kuosha kwa njia ya ateri, ingiza mililita 250 katika kila vena ili mmumunyo utokee upande wa ateri. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tuliokota mabonge tisa katika beseni. Madaktari wa upasuaji hufanya hivihivi kwa mapafu ya binadamu, na tulikuwa tumesoma habari hiyo tukaiona kama pambo.

Kisha kuna hewa. Pafu lililosinyaa halioshwi vizuri, na pafu linalohifadhiwa huhitaji oksijeni iliyomo ndani ya viribahewa vyake. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na figo au ini. Hatuna mashine ya kupumulia. Tulichofanya ni kuunganisha mtungi wa oksijeni na kiungio chenye matawi matatu, tawi moja likiingia kwenye chupa ya maji kwa kina cha sentimita 15. Shinikizo likizidi hapo, hewa hutokea majini kama mapovu badala ya kulipasua pafu. Kifaa hiki hakikufika shilingi 12,000, na ndicho ninachojivunia kuliko vyote.

Hata hivyo, sehemu ya juu ya pafu la kulia ilisinyaa kila tulipofunga bronkasi (tawi la koo la hewa linaloingia pafuni) ili kutenganisha pafu la kulia na la kushoto. Wiki mbili tulitafuta tundu. Hapakuwa na tundu. Kwa nguruwe, kama kwa ng'ombe na mbuzi, sehemu hiyo hupata hewa kupitia bronkasi yake yenyewe inayotoka moja kwa moja kwenye koo la hewa, juu ya mgawanyiko, na sisi tulikuwa tukiifunga nje. Binadamu kwa kawaida hana, na vitabu vyetu ni vya binadamu. Funga juu zaidi.

Ushauri kwa atakayetufuata: jifunze kuosha kwa maji ya chumvi ya kawaida yaliyotiwa rangi ya chakula. Sisi tulijifunza kwa dekstrani, na lita saba zilikwenda kwenye mifereji.

11 Mei 2024: Elektrodi isiyo na kosa

Mmumunyo huu ukishachanganywa una pH (kipimo cha asidi, 7 ikiwa katikati) iliyo chini ya 6, kwa kuwa fosfeti iliyomo ni kidogo mno kushika usawa. Tulitia trometamoli ya milimoli 1 kwa lita tukapata 7.4; kesho yake ilisoma 6.9. Tukapandisha hadi milimoli 10, tukasawazisha tena kwa asidi hadi 7.4 mezani, katika joto la nyuzi 28, tukaridhika. Mwenzetu alipopima chupa iliyotoka kwenye barafu alisoma 8.0. Tuliamini elektrodi ya kipima pH imekufa, tukanunua nyingine kwa shilingi 185,000, nayo ikasoma 8.0.

Trometamoli hubadilika kwa takriban 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka 28 hadi 4 ni nyuzi 24, na hesabu inakaribiana na tulichokiona. Tangu siku hiyo tunasawazisha pH chupa ikiwa katika joto lilelile itakalotumika, na vimiminika vya kurekebishia kipima pH navyo vikiwa vimepozwa. Elektrodi ya zamani inafanya kazi hadi leo.

22 Juni 2024: Barafu ya samaki

Tulinunua barafu kwa wauza samaki, mfuko kwa shilingi 3,000, tukaijaza kwenye deli na kuweka mapafu ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Baada ya saa nane kingo za pafu zilikuwa ngumu na nyeupe kama nta. Kipimajoto kilisoma nyuzi 2 chini ya sifuri. Barafu ile ilikuwa imekaa na maji ya chumvi, na chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Tulikuwa tumetengeneza mashine ya aiskrimu. Sasa tunagandisha maji safi wenyewe na kutumia mifuko mitatu: wa ndani una pafu na mmumunyo, wa kati una maji baridi ya dripu, na wa nje ni wa kuzuia uchafu. Pafu halipaswi kugusana na barafu.

Kosa dogo lakini la aibu: tulipima glukosi ya mmumunyo kwa kifaa cha wagonjwa wa kisukari. Kifaa hicho hudhani kimepewa damu yenye seli nyekundu, na majini kilisoma juu kuliko ukweli. Tumerudi kwenye kitendanishi cha kawaida cha maabara.

3 Agosti 2024: Nyuzi 10

Barafu si lazima. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa St. Louis nchini Marekani walikwisha kuona kwamba mapafu ya wanyama hukaa vizuri zaidi kwenye nyuzi 10 kuliko kwenye 4, lakini desturi ya barafu ikaendelea kwa kuwa deli la barafu liko kila mahali. Mwaka 2021 kundi la Toronto lilihifadhi mapafu ya nguruwe kwa saa 36 katika nyuzi 10, likaonyesha kwamba mitokondria zake (sehemu za seli zinazozalisha nishati) zilibaki na afya kuliko zile za barafuni, na likaanza kupandikiza kwa wagonjwa wachache. Mwaka 2023 ilitoka taarifa ya wagonjwa 70 wa Toronto, Vienna na Madrid.

Friji ya soda ya mtumba tumeipata kwa shilingi 350,000, na kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga kwa 35,000. Kidhibiti hicho hukubali kuwasha baridi badala ya joto ukibadilisha mpangilio wake. Hewa ndani ya friji ilipanda na kushuka kati ya 6 na 14, jambo lililotukatisha tamaa kwa siku mbili, hadi tulipoweka mfuko wa pafu ndani ya ndoo yenye lita 10 za maji. Ndoo haikutoka nje ya 9.5 na 10.5. Umeme ulipokatika kwa saa tano, maji yalifika 13 tu.

Tuligawa kila jozi: pafu moja barafuni, jingine katika nyuzi 10, kwa saa 12, tukibadilishana kushoto na kulia. Katika jozi sita, pafu la nyuzi 10 liliongezeka uzito kidogo kuliko mwenzake mara nne. Mara moja yalilingana, na mara moja matokeo yaligeuka kabisa. Pia glukosi iliyobaki katika matone ya kwanza ya kuoshea baada ya kuhifadhi ilikuwa pungufu sana upande wa nyuzi 10. Hilo linatarajiwa, kwa kuwa pafu hilo linaishi na linakula, lakini linatuambia kwamba mmumunyo uliobuniwa kwa ajili ya kiungo kilicholala sasa unamlisha aliye macho.

28 Septemba 2024: Diferoksamini, na daftari lililotusuta

Hiki ndicho kiambato tulichokusudia tangu mwanzo. Baridi huachia chuma ndani ya seli, na chuma kilicho huru huzalisha molekuli kali za oksijeni zinazochoma utando. Watafiti wa Essen, Ujerumani, wamelieleza jambo hili kwa kina. Diferoksamini, dawa ya wagonjwa waliozidiwa na chuma kutokana na kuongezewa damu mara nyingi, hukishika chuma hicho. Kichupa cha miligramu 500 kinatosha zaidi ya lita saba kwa kipimo chetu cha milimoli 0.1.

Tulifanya jozi nane, nne zikiwa na dawa na nne bila dawa. Matokeo yalitawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Tulikuwa tunajadili kuongeza kipimo mara tano, mwenzetu wa kemia alipolichukua daftari la machinjioni, akayapanga mapafu yote tangu Agosti, bila kujali mmumunyo, kwa dakika zilizopita kati ya kuchomwa kwa mnyama na tone la kwanza la kuoshea. Mstari ulijipanga wenyewe. Mapafu yaliyooshwa chini ya dakika 30 yalikuwa upande mmoja, na yaliyozidi 40 upande mwingine, yawe na dawa au yasiwe nayo. Jozi ile ya Agosti iliyogeuka ilikuwa imekaa dakika 52, siku ambayo pikipiki yetu ilipata pancha.

Nakiri kwamba nilimkatalia kwa nusu saa. Miezi minane nilikuwa nikishitaki mmumunyo kwa kila kitu, ilhali stendi, hewa, chumvi na pikipiki vilikuwa vikipita mbele yangu. Diferoksamini inaweza kuwa na faida. Kwa vipimo hivi hatuwezi kuiona, kwa sababu muda wa joto, yaani dakika hizo kabla ya kuoshwa, unapiga kelele kuliko yenyewe.

9 Novemba 2024: Meza imehamia machinjioni

Tumekodi kona ya chumba cha kuhifadhia ngozi kwa shilingi 20,000 kwa siku, na kuoshea sasa kunafanyika hapohapo. Katika jozi tano za mwisho muda wa joto ulikuwa kati ya dakika 17 na 23. Kuongezeka kwa uzito baada ya saa 12 katika nyuzi 10 sasa kunatofautiana kidogo kati ya jozi na jozi, na ndipo kwa mara ya kwanza naona tuna mizani ya kupimia kiambato chochote.

Matumizi hadi leo ni shilingi 4,310,000, nusu yake dekstrani. Zimebaki gramu 150, yaani lita tatu. Hatutazitumia kwa diferoksamini kwanza. Tutaanza na glukosi: mmumunyo wenye milimoli 5 kwa upande mmoja na 10 kwa upande mwingine, pafu la jozi moja kwa kila upande, saa 24 katika nyuzi 10, pH ikisawazishwa baridi, na laktati (asidi inayobaki glukosi inapotumika bila oksijeni) ikipimwa pamoja na glukosi ili tujue kama chakula kinatumika kwa oksijeni au kinaishia kuwa asidi. Lita tatu zinatosha jozi moja na akiba kidogo, kwa hiyo wiki ijayo tunafanya zoezi zima kwa maji ya rangi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kufungua chupa.